Wifi Alisema Tuchome

9 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na paa la ofisi nalo limeanza kazi yake ya kila mwaka: ndoo moja chini ya dirisha, nyingine ubavuni mwa meza yangu. Umeme umekatika, kompyuta zimelala, kwa hiyo naandika humu kwa mkono. Bosi alitugawia shajara hizi mwanzoni mwa mwaka, na yangu ilikuwa bado ina harufu ya dukani.

Kabla umeme haujakatika tulicheka mpaka machozi. Bosi alipita kwa mhasibu, akakuta hesabu za mwezi zimekamilika mapema, akampiga begani: "You're on fire!" Mhasibu aliruka kutoka kitini, akajikagua mikono ya shati, halafu akachungulia chini ya meza. Ikabidi nimweleze mbele ya watu kwamba haungui, amesifiwa. Hapa ofisini mimi huitwa Kamusi. Barua zote za Kiingereza hupita mikononi mwangu, na mtu akikwama na neno huja kwangu.

Kiingereza kina moto kila kona. Mtu akiachishwa kazi, *fired*. Akichoka mpaka hajiwezi, *burnt out*. Akipandisha hasira, *blow his top*, utadhani sufuria imerusha kifuniko. Bosi akishinda kutwa anatuliza wateja wenye malalamiko, anasema amekuwa zimamoto. Haya yote nayajua bila kufungua kitabu. Mhasibu ana shahada, lakini shahada yake na Kiingereza hawasalimiani.

14 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nimeenda kazini na sketi mbichi.

17 Machi

Wifi kaandika. Huyu ni mke wa kaka yetu, wanaishi kwao huko ng'ambo, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante". Kaka ni baharia wa meli ya mizigo. Mama alipofariki Januari yeye alikuwa katikati ya bahari, akasikiliza mazishi kwa simu, nayo ikawa inakatika. Sasa yuko safarini tena mpaka Mei. Kwa hiyo barua pepe za huko huandika wifi, kwenye anwani yangu ya ofisini, kwa sababu nyumbani hakuna mwingine anayeweza kuzisoma. Baba hajui Kiingereza, na mdogo wangu alikiacha shuleni pamoja na madawati.

Barua za wifi ni kavu. Hata pole yake ya msiba ilikuwa mistari miwili. Leo anauliza kama karibu nasi kuna duka linaloshughulika na diski. Nimemjibu yapo matatu, maana wauza nyimbo wamejaa. Huenda anataka muziki wa kuchezea jikoni kwake. Mama hata mchanga wa kaburi haujakaa sawa.

20 Machi

Leo nimeisoma barua ya wifi mara tatu, kisha nikaomba ruhusa ya kutoka mapema.

Anaomba tumtafutie mtu azichome picha zote za mama, *burn* yenyewe hiyo, za zamani hasa, halafu tumtumie kwa posta. Ile ya harusi anataka *blow up*. Tusimwambie kaka, ni kwa ajili ya siku atakayorudi nyumbani.

Mwanzoni damu ilinichemka. Halafu njiani, chini ya mwavuli, nikaelewa. Wenzetu wa huko huwachoma maiti wao, na majivu wanayaweka ndani ya chungu, juu ya kabati. Mama tumeshamzika, hawezi kuchomwa. Kaka hakumwaga hata kiganja cha mchanga. Wifi anataka ampatie majivu ya mama kwa njia iliyobaki, yaani ya picha. Nilijisikia vibaya kwa yote niliyowahi kumsema yule mwanamke.

Jioni nilimweleza baba. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo huegemeza sikio upande wa mtu anayeongea.

"Wanamweka mtu kabatini?" akauliza.

"Juu ya kabati, Baba. Kwa heshima."

"Na watoto wakiangusha?"

Mdogo wangu hakucheka. "Dada, una uhakika? Muulize tena."

"Nimuulize nini?"

"Kama amemaanisha hivyo. Kuchoma."

"Niulize *burn* maana yake nini? Neno la darasa la tatu? Unataka aone huku hakuna mtu aliyesoma?"

Baba alizungusha kidole kwenye ukingo wa kikombe. Kisha akasema, "Kama zitamfikia mwanangu, chomeni. Mimi mwenyewe sizioni tena."

22 Machi

Jiko halikuwaka. Mkaa umelowa.

24 Machi

Mvua kutwa. Mdogo wangu kasema hata mvua inakataa. Nikamwambia aache ushirikina.

27 Machi

Leo jua lilitoka tangu asubuhi, na uani pakakauka. Tumezichoma.

Baba alitaka kuzitia yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko na mimi nikawa namkabidhi, moja baada ya nyingine, nikimtajia: hii mama kambeba kaka, hii mama na mashoga zake, hii mama kazini, kofia ya muuguzi imemlalia sikioni. Kila moja aliisogeza mpaka karibu igusane na kope, akaitazama sijui kwa jicho gani, halafu akaiachia. Picha haiungui kama karatasi. Hujikunja kwanza, kama mtu anayegeukia ukutani.

Mdogo wangu alikuja na kitambulisho cha mama. "Hata hii? Ni picha ndogo kama stempu tu."

"Kasema zote," nikamjibu. Alikitupa mapajani mwangu akaingia ndani.

Ya harusi tuliiweka mwisho. Mama kasimama kando ya baba, mkono mmoja kaupeleka nyuma ya gauni, kama kawaida ya picha ile. Nikamkumbusha baba kwamba hii wifi ameomba ipulizwe, ndiyo *blow up*, moto upande vizuri. Baba ana kifua kibovu. Aliinama akapuliza, akakohoa, akapuliza tena, mpaka nikaona mashavu yake yamelowa, nikajiambia ni moshi.

Majivu yamejaa kopo dogo la maziwa ya unga. Nimelifunga kwa gundi na kulizungushia kitambaa.

29 Machi

Posta. Karani kauliza kopo lina nini. Nikasema kumbukumbu ya familia. Akapiga muhuri.

6 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Leo mchana mhasibu alikuja na redio yake, akasimama katikati ya ofisi. "Jamani, nani anajua mtu wa kuniberni nyimbo bei nafuu?"

Nikaona nafasi ya kumchezea. "Nyimbo zimekukosea nini mpaka uzichome?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini akanitazama kama anayesubiri niendelee. Sikuendelea, basi akasema, "Kuchoma, ndiyo. Kuzinakili kwenye diski. Nyimbo, picha, chochote. Vijana wa madukani si ndiyo kazi yao? Kamusi, wewe hujui kuberni diski?"

Nilisema najua. Nilisema nilikuwa namtania. Niliinuka nikaenda chooni nikafunga mlango, nikashika sinki kwa mikono miwili. Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka darini kwenye shingo yangu na sikusogea.

Duka linaloshughulika na diski! Aliniuliza kwanza kuhusu duka, na mimi nikamjibu yapo matatu. Aliniuliza kama mtu mwenye akili zake, hatua kwa hatua, na mimi nikamwandalia chungu na kabati kutoka kichwani mwangu.

Neno lenyewe nimelisikia mara ngapi? Dereva hulisema, wapangaji wa jirani hulisema, "niberni hiyo na mimi". Kila nikilisikia nilikuwa nabetua midomo, kwa sababu kwangu hicho si Kiingereza wala Kiswahili, ni uchafu wa vijiweni. Sikuwahi kuuliza maana yake. Mimi watu ndio huniuliza.

Niliporudi mezani nilifungua kamusi, ile kubwa ya bosi, nikajifanya natafuta neno la barua. *Blow up*: kulipua. Kupasuka. Kupandwa na hasira. Kujaza upepo. Halafu, chini kabisa, kuikuza picha iwe kubwa.

Alitaka ya harusi iwe kubwa. Atundike ukutani, kaka akifungua mlango aione. Na mimi nikamwinamisha baba yangu mwenye kifua kibovu aipulize.

Natamani ardhi ipasuke inimeze. Nyumbani nimemkuta baba kakaa mlangoni anasikiliza mvua. Kaniuliza kopo litakuwa limefika wapi sasa. Nimesema labda limeshapanda ndege.

7 Aprili

Sikwenda kazini. Nimewaambia naumwa, na si uongo.

11 Aprili

Nimemwandikia wifi mara nne na kufuta mara nne. Kiingereza changu chote kimenikimbia. Nakijua cha kuagiza karatasi na cha kuomba radhi kwa kuchelewesha mzigo. Cha kusema nimemchoma mama yangu sikijui, na hata ningekijua nadhani nisingekituma. Kopo liko njiani na mimi nimekaa kimya kama mwizi.

12 Aprili

Mhasibu kaja na neno. Nimemwambia aulize kwingine. Kaondoka kadhani nimemkasirikia.

23 Aprili

Limefika.

Wifi hakufoka. Ningependa angefoka. Aliuliza kwanza kama kopo limebadilishana na la mtu mwingine posta. Nikamjibu, mwisho wa yote, kwa sentensi fupi, kila kitu. Baada ya saa moja akaandika tena, ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia. Kasema kosa ni lake, alipaswa kueleza kirefu. Kasema alilia jikoni akiwa na kopo mkononi, kisha akaliweka dirishani kwenye jua kwa sababu hakujua pengine pa kuliweka. Kaka anashuka melini wiki ijayo, watakuja wote. Atamwambia kaka kwamba yeye wifi ndiye aliyeandika vibaya. Na baba yako, kasema, hana haja ya kujua.

Huyu ndiye niliyemwita mkavu.

Nikamjibu asante. Ndiyo, aibu yangu ya leo ni hiyo: alinipa mlango wa kutorokea, na mimi nikapita bila hata kugeuka nyuma.

24 Aprili

Nimemweleza mdogo wangu. Alikuwa anashona. Hakunikumbusha kwamba alisema tuulize. Alisimamisha cherehani, akasema, "Na kitambulisho, Dada," kisha akaendelea kushona. Angenipiga kofi ningeona ahueni.

3 Mei

Mvua imepungua. Inanyesha usiku tu.

11 Mei

Wamekuja. Kaka kakonda, ana mvi pembeni. Wifi ni mfupi kuliko alivyo kwenye simulizi za kaka, na kabeba fremu kubwa ya mbao iliyofungwa magazeti. Kumbe aliinunua tangu Machi, nayo haikurudishika dukani.

Kaka na mkewe hawasemeshani. Nililiona kabla hawajaketi. Akitaka chumvi anamwomba mdogo wangu, wakati kibakuli kiko mbele ya wifi. Mdogo wangu alinitazama. Nikajifanya naangalia mchuzi.

Katikati ya kula baba akauliza kwa sauti ya furaha, sauti ambayo hatujaisikia tangu msiba, "Ulipata majivu ya mama yako?"

Kaka aliweka kijiko chini. "Niliyapata, Baba. Nimeyaweka mahali pazuri."

"Juu ya kabati?"

"Dirishani. Panapata jua."

"Vizuri," akasema baba. "Nilizichoma mwenyewe, moja moja. Nikasema, sikuweza kumngoja mwanangu tuzike pamoja, basi angalau hili nimfanyie." Kisha akaugeuza uso wake upande aliodhani wifi amekaa, akakosea kidogo, akaongea na ukuta. "Mwambie mke wako alikuwa na wazo zuri sana."

Kaka alinigeukia nitafsiri. Nilitafsiri. Wifi aliinamisha kichwa, akasema "asante", neno lake lile moja, na kaka akamtazama kwa jicho ambalo sitamani mtu yeyote anitazame nalo.

12 Mei

Asubuhi niliwasikia uani. Kaka alikuwa anasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba mama alikuwa na sura moja tu duniani na mkewe kaipoteza kwa uvivu wa maneno mawili. *On disc*, yaani kwenye diski, maneno mawili tu, yangemgharimu nini? Wifi hakujitetea. Alikuwa anakunja nguo zilizokaushwa ambazo hata hazikuwa zake.

Nilitoka nje bila viatu. Nikamwambia kaka, "Muache. Ni mimi." Nikasema kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa Kiingereza, nisije nikaonekana nimejificha tena kwenye lugha. Wifi aliuliza kuhusu duka la diski mapema kabisa. Mdogo wetu aliniomba niulize na nikamdharau. Wifi alijibebesha ili mimi nisiaibike, na mimi nikamwachia abebe.

Kaka alifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya baba, nyuma yangu, mlangoni.

"Kwa hiyo hakuomba?"

"Hakuomba, Baba."

"Alitaka nini?"

"Alitaka zitengenezwe nyingine kama zile. Zisipotee. Ile ya harusi iwe kubwa."

Baba alipapasa fremu ya mlango. "Na mimi nilizipuliza," akasema. Akarudi ndani, na mlango wa chumba chake tukausikia ukifungwa.

13 Mei

Baba hajanisemesha. Chai anapokea kwa mdogo wangu.

15 Mei

Vilevile. Kaka na wifi wamekaa ngazi moja jioni hii, wanagawana embe. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kaka kwangu ni salamu tu, na siwezi kumlaumu.

Ofisini nimemwendea mhasibu nikamwambia ukweli wote, na kwamba siku ile ya redio sikuwa namtania. Nilijiandaa kuchekwa. Alisema, "Ningejua mapema ningekuja hata usiku, Kamusi." Nikamwomba asiniite hivyo.

18 Mei

Jua kali. Uani vumbi limeanza. Pale lilipokuwa jiko bado pana duara jeusi, kila mtu analizunguka.

20 Mei

Leo ndiyo siku yao ya mwisho. Wifi alifungua magazeti, akasimamisha fremu tupu ukutani, akamwomba kaka amweleze picha ya harusi ilivyokuwa. Kaka hakuweza, alisema yeye anakumbuka gauni tu, basi wifi akanigeukia mimi. Baba alikuwa kitini kwake, uso kaupeleka dirishani, na sikudhani anasikiliza.

Nikamwelezea. Baba amevaa suti ya kuazima, mabega yamempita. Mama upande wa kushoto, kidevu juu, hacheki. Mkono wa kulia umeshika wa baba. Wa kushoto uko nyuma ya gauni.

"Kwa nini nyuma?" wifi akauliza.

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Haya ya bibi harusi, ningesema, na ningelisema vizuri, lingependeza. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema. Nikageuka. "Baba, mama alikuwa ameficha nini mkononi?"

Mdogo wangu akasimama mlangoni na sindano mdomoni.

"Viatu," akasema baba, bado anatazama dirisha. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. "Alikuwa pekupeku. Alivivua mpiga picha alipokuwa anajiandaa, akavificha nyuma. Vilikuwa vinamchoma tangu asubuhi. Hakuna aliyejua ila mimi."

Kaka alicheka, cheko lililovunjika katikati. Wifi akanishika mkono, akauliza baba kasema nini. Nikafungua mdomo nimtafsirie, neno likiwa tayari, jepesi, la darasa la tatu. Nikaufunga.

"Baba," nikasema, "samahani. Vilikuwa vinamchoma vipi? Kwa joto, au vipi?"

Baba alinigeukia, taratibu, mpaka sikio lake likawa upande wangu.

"Msumari, mwanangu," akasema. "Kiatu kimoja kilikuwa na msumari."